Kufungua Vifuniko: Programu Huru katika Hospitali Yetu ya Kolwezi

Solange na wenzako wa atelye, karakana yetu ya hospitali, mmenisumbua tangu siku ile ya kuniaga: "Tata Kabeya, andika." Haya, naandika. Lakini nawaonya mapema. Kuhusu vyeo sitasema neno, maana vyeo vyangu mngemaliza kuvisoma kabla chai haijapoa. Kuhusu mshahara nitanyamaza kwa heshima ya walionilipa. Nitasema juu ya mashini, juu ya watu wachache waliokisukuma kichwa changu kigumu, na juu ya jambo hili la programu huru ambalo baadhi yenu mlidhani ni ugonjwa wangu wa uzeeni.

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kompyuta, kwa sababu haikuwepo. Babu yangu aliletwa Kolwezi kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, baba akawa karani, na mimi pia walitaka niwe karani. Bahati mbaya mwandiko wangu ulikuwa kama kuku amepita juu ya karatasi na miguu yenye matope. Sista mkuu wa hospitali ya parokia aliutazama, akaguna, akanipeleka atelye nikajifunze kutengeneza mashini za taipu kwa mzee wetu, Tata Mwepu.

Tata Mwepu alikuwa mfupi, mkali, na bisibisi mbili zilikaa mfukoni mwa shati lake kama kalamu. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "We, usiniulize kitu mbele ya kufungua kifuniko. Fungua kwanza, angalia, njo utauliza." Nikafungua. Mashini ya taipu ukiifungua haina siri: ukibonyeza herufi unaona mkono wake unainuka, na kama hauinuki unaona kilichouzuia. Mara nyingi ni vumbi. Siku moja ilikuwa kipande cha mkate cha Sista mkuu, na hilo tulikubaliana tusilitie kwenye ripoti.

Fundi huyu alikuwa na tabia moja mbaya. Kazi ikifika mahali pagumu, alisema, "Kabeya, enda kachote mayi." Narudi na ndoo, mashini imekwisha pona.

"Imepona namna gani, tata?"

"Imepona."

Baada ya miezi michache niliamka. Nikawa naweka ndoo iliyojaa nyuma ya mlango tangu asubuhi. Akinituma maji natoka, nahesabu mpaka kumi, narudi na ndoo yangu kabla hajakaza hata parafujo moja. Mara ya kwanza alinitolea macho, mara ya pili akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akanifundisha yote, nami sijapata tena mwalimu wa kumfikia.

Kisha kompyuta zikaja. Huku kwetu tunaziita ordinatère, na zilikuja ndani ya maboksi mazuri kuliko nyumba za wengine. Tata Mwepu alizunguka ile ya kwanza mara mbili, akatoa bisibisi, akafungua. Ndani hakuna kinachoinuka wala kushuka.

"Akili yake iko wapi?" akauliza.

"Iko mu programu, tata."

"Basi fungua ile programu."

"Haifunguke. Benye kuitengeneza bamefunga."

Akarudisha bisibisi mfukoni, polepole. "Kumbe haiko ya kwetu," akasema. Mwaka huo huo alistaafu, na mimi nikabaki na atelye, vumbi na mashini ambazo sikuruhusiwa kuzielewa. Mtu akiniletea kompyuta yenye matatizo nilikuwa naizima na kuiwasha tena. Ikikataa, naizima na kuiwasha tena kwa hasira. Watu waliniita fundi, nami nilikuwa naona haya.

Aliyenitoa humo ni Mama Ngalula, mwalimu wa Lubumbashi. Hospitali ilinituma kwake kwa mafunzo ya majuma mawili, na nilikwenda nikitarajia kusinzia. Yeye na kikundi chake walikuwa wakitumia programu huru. Alitueleza kwa vidole vinne. Kidole cha kwanza: uitumie kwa kazi yoyote unayotaka. Cha pili: uifungue uone imeandikwaje. Cha tatu: uibadilishe ikufae. Cha nne: umpe mwenzako, ile ya asili au ile uliyoibadilisha. "Programu ni maagizo tu," alisema, "kama vile mama anavyokwambia namna ya kupika mboga ya sombe. Sasa mutu akuuzie sombe, akukataze kuuliza bameweka nini ndani, akukataze kuongeza chumvi, akukataze kumupa jirani. Utakubali?"

"Hapana!" tukajibu, na njaa ilikuwa imetushika kweli.

Lakini kilichonifanya nicheke kwa sauti darasani ni mbinu yao ya lisansi, yaani leseni. Wenye programu za kufungwa wanatumia sheria ya hakimiliki kusema: usiguse. Hawa nao wakaichukua sheria hiyo hiyo wakaigeuza: aguse kila mtu, abadilishe, agawe, ila ukigawa ulichobadilisha, usimfungie mwenzako mlango ambao wewe ulikuta wazi. Weee! Nilimkumbuka Tata Mwepu. Nilirudi Kolwezi na basi, mkoba umejaa diski, kichwa kimevimba, nikiamini mji wote utanipokea kwa matarumbeta.

Mji haukuwa na habari nami. Watu walisema kitu ambacho huhitaji ruhusa ya mtu kukitumia lazima kina kasoro. Kwa hiyo nikaanza Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia: leta kompyuta yako, tunakuwekea mfumo huru, unarudi nayo nyumbani. Jumamosi ya kwanza walikuja watu watatu, mmoja akitafuta choo. Ya pili akaja rais wa kwaya, mama mwenye sauti ya kutikisa madirisha, na kompyuta iliyojaa virusi. Nilifurahi mno. Nikafuta kila kitu, nikaweka mfumo mpya, safi, unang'aa. Nikamkabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto aliyetoka kubatizwa.

Akaifungua. Akatafuta. Akaniangalia.

"Tata Kabeya, nyimbo ziko wapi?"

Nyimbo zote za kwaya, maneno na sauti nne nne, kazi ya miaka. Zilikuwa mle ndani, na mimi sikuuliza. Nilishika kichwa. Adhabu aliitoa yeye mwenyewe, nami nilipiga magoti kuipokea: kila mazoezi ya kwaya, kwa miezi mitatu, nikae mbele na kompyuta niandike upya maneno wakiimba. Nilifanya. Mwishoni nilikuwa najua sauti ya pili ya nyimbo zote, na mpaka leo ninaimba kwenye sauti ya pili. Chukueni hilo, ndugu zangu: kabla ya kumpa mtu uhuru wake, muulize kwanza anachokipenda kiko wapi, na ukifanyie nakala.

Jumamosi zikaendelea. Tulijifunza pia kutobadilisha kila kitu kwa mara moja, maana mtu ukimbadilishia yote anakukimbia. Unambadilishia kitu kimoja, chombo cha kuandikia barua kwa mfano, unamwacha apumue. Anarudi mwenyewe kuulizia kingine.

Sasa nifike kwa Mama Kapinga, maana bila yeye haya yote yangebaki ubishi wa ukumbini.

Mama Kapinga ni muuguzi mkuu wa kifua kikuu, mnamjua, na mnajua hacheki na kazi. Biro yake ya zamani, ofisi, ilikuwa kwenye jengo letu dogo upande wa mtaa wa Kasulo. Wafadhili walimletea programu ya kuandika wagonjwa: nani ameanza dawa lini, nani amefikisha miezi miwili abadilishiwe vidonge, nani hakuja. Ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Ila ilikuwa imefungwa, na ilifungwa kwa mashini ile moja tu. Agizo likaja daftari za karatasi ziachwe, kazi isifanywe mara mbili. Mimi nilinung'unika kidogo. Nilipaswa kunung'unika sana.

Mnakumbuka Kasulo ilivyokuwa: watu wakichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, mtu anainua kitanda anashuka. Jirani wa biro ile, Tata Kazadi, alikuwa akifuata mshipa wake wa mawe, na shimo halijui mpaka wa kiwanja. Asubuhi moja Mama Kapinga alisikia meza inalia. Akaona kikombe chake cha chai kinatembea peke yake. Akawatoa wagonjwa wote nje, na sakafu ikafunguka. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Kompyuta ilishuka na meza.

Tuliivuta kwa kamba. Mashini ilikuwa imepondeka, ila diski yake ilikuwa nzima, nami nikashangilia mapema, kama kawaida yangu. Nikaiweka kwenye mashini nyingine. Programu ikaandika kwa Kifaransa kizuri sana kwamba haiitambui mashini hii, haitafungua. Tukaiandikia kampuni iliyoitengeneza. Wakajibu kwa adabu kwamba ufunguo mpya unaweza kuombwa na yule aliyetia sahihi mkataba tu. Aliyetia sahihi, mtu wa wafadhili, alikuwa amesharudi kwao, na barua zetu kwake hazikujibiwa.

"Tata Kabeya," Mama Kapinga akasema, "mi niko na bagonjwa benye kubadilisha dawa hii posho, hii juma yenyewe. Niko na benye hawakuye kukamata dawa na lazima nibafwate. Majina yao iko mule. Ninabapata namna gani?"

Nilikasirika, na hasira ile bado naisikia. Wagonjwa ni wetu. Majina tumeyaandika kwa mikono yetu. Diski iko juu ya meza yetu. Na ruhusa ya kuyasoma iko kwa mtu asiyejua hata Kolwezi iko upande gani. Dawa ya kifua kikuu ukiikatiza ugonjwa unarudi na ubishi mpya, na hilo kampuni haikuwa na sehemu ya kuliandika kwenye fomu yake.

Tata Kazadi alikuja kuomba msamaha, kofia mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tukamweleza kilichoharibika. Alisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Tata, mi ninachimba chini ya nyumba yangu, ninaingia ninatoka. Weye ile programu iko mu nyumba yako, na hauwezi kuingia?"

"Siwezi."

"Ah, bo! Basi weye njo unapaswa kunihurumia mi?" Na akacheka, nasi tukacheka, maana ilikuwa hivyo au kulia.

Yeye ndiye aliyetuokoa. Wagonjwa wengi walikuwa wachimbaji, na mchimbaji leo analala hapa, kesho amesikia habari ya mawe kwingine amehama. Anwani zao hata tungekuwa nazo zisingetufaa. Lakini Tata Kazadi alijua nani anachimba na nani, nani anakula kwa mama gani. Mapadri na wachungaji wakatangaza kanisani, bila kutaja ugonjwa, kwamba wenye kadi ya kijani wapite kwa Mama Kapinga. Siku tisa. Kila aliyefika na kadi yake, ile anayopewa mgonjwa siku ya kuanza dawa, tulimwandika upya kwenye daftari ya shule. Mama Kapinga aliwakumbuka wengi kwa sura, akawa anahesabu kwa vidole waliobaki.

Wa mwisho alikuwa mama muuza samaki wakavu. Kazadi akasikia amekwenda soko la Kasaji. Nikapakia dawa kwenye pikipiki nikaenda. Kasaji wakaniambia amepita, yuko Kisenge kwa wachimbaji wa manganizi. Nikaenda Kisenge, makalio yakiniomba msamaha njia nzima. Nikamkuta kwenye meza yake ya samaki, anakohoa, anabishana bei.

"Unanitafuta mi?" akasema. "Toka Kolwezi? Na pikipiki? Basi mi ni mutu mukubwa!" Akameza vidonge vyake mbele yangu, akanifungia samaki wawili katika gazeti. Alipona. Naandika kwa furaha: alipona.

Niliporudi nilimwambia Mama Kapinga kwamba hatutaandika tena mgonjwa hata mmoja ndani ya kitu tusichoweza kukifungua. Kikundi cha Lubumbashi kilinipatia programu huru ya kuandikia wagonjwa, iliyotengenezwa na watu wa mbali kwa ugonjwa mwingine kabisa. Nikaifungua. Ndani mlikuwa na maelfu ya mistari, na ilinichukua majuma kuelewa ukurasa mmoja, lakini ilikubali kufunguliwa. Mama Kapinga alikaa karibu yangu akaikosoa kama mtihani wa mtoto.

"Hii fasi ya avenue na numéro, toa. Batu ya hapa banahama."

"Anwani natoa. Tuweke nini?"

"Weka: nani anajua kwenye uko?"

Nikaweka. Kila mgonjwa anataja mtu mmoja ambaye siku zote anajua alipo: mama wa chakula, rais wa kwaya, mwenzake wa shimoni. Hakuna programu ya kununua iliyokuwa na swali hilo, kwa sababu aliyeitengeneza hakuwahi kumtafuta mtu Kasulo. Tukaigawa, kama lisansi inavyotaka na kama moyo ulivyotaka. Kituo cha afya cha Kasaji wakaichukua, muuguzi wao akaongeza sehemu ya siku ya soko, maana wagonjwa wao wanakuja na baiskeli siku hiyo tu. Wakaturudishia. Kisenge nao wakaongeza lao. Nilipoona kazi ya watu nisiowajua imerudi ndani ya kazi yangu ikiwa bora zaidi, nilitoka nje nikajifanya napokea simu, kwa sababu macho yalikuwa yanatoa maji.

Ningetaka kuishia hapo nikiwa shujaa. Lakini nimeahidi kuandika kazi, basi naandika na hili.

Nilipenda kupigiwa simu. Kasaji inakwama, wananipigia. Mama Kapinga anakwama, ananipigia. Nenosiri kuu la daftari yetu ya kompyuta, na namna ya kuirudisha ikianguka, vilikuwa kichwani mwangu, hapakuwa na karatasi. Nilisema ni kwa usalama. Kisha malaria ikanilaza juma zima, na siku ya pili yake umeme ukapiga, daftari ikajifunga. Mama Kapinga alinifuata nyumbani, akakaa pembeni ya kitanda na kalamu mkononi. Nikampa nenosiri. Akaenda, akarudi: si lenyewe. Nikampa lingine. Mke wangu anasema la tatu nililompa lilikuwa kipande cha wimbo wa kwaya, sauti ya pili. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi tangu asubuhi, kama siku zile za shimo.

Nilipopata nafuu alikuja tena. Hakukasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Tata, mi niulize tu. Weye na ile kampani, munaachana nini, tofauti yenu iko wapi?"

Nikamwambia programu yangu iko wazi, mtu yeyote anaweza kusoma kila mstari.

"Eeh. Na ufunguo?"

Nililala siku mbili zaidi, na hiyo haikuwa malaria.

Hapo, Solange, ndipo zilipoanza zile Ijumaa zetu mlizozilaani. Kila Ijumaa mmoja anaharibu mashini ya mazoezi kwa makusudi, mimi natoka nje, wengine mnaitengeneza. Manenosiri yakaandikwa, yakafungwa kwenye bahasha mbili, moja kwa Mama Kapinga na moja kwa Sista mkuu wa sasa. Mnakumbuka mlivyonipigia kelele mlangoni mkitaka jibu, nami nikiimba kwa sauti ili nisiwasikie. Ilinigharimu kuliko mnavyofikiri. Mtu anayekaa nje ya mlango akijua jibu anateseka sana.

Nilistaafu. Juma la kwanza simu haikulia, nikasema wananionea huruma nipumzike. La pili nikaangalia kama simu ina umeme. La tatu nikapita hospitali, ati kupima presha.

Mabenchi ya Mama Kapinga yalikuwa yanakwenda vizuri, mgonjwa anaingia, mgonjwa anatoka. Nikakaa kwenye kiti karibu na mlango wake.

"Mashini inatembea?" nikauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Siku ya kwanza ya hii posho ilikufa yote," akasema bila kuinua macho. "Diski njo ilikufa. Solange na bauguzi balirudisha yote kutoka ku kopi. Saa sita ya muchana tulikuwa tunaendelea."

"Na bagonjwa?"

"Bote balipata dawa."

Diski nzima! Nilisikia kitu kinanichoma kifuani, nisidanganye. "Sasa juu ya nini hamukuniita?"

Mama Kapinga akainua macho, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kukuita, tata? Ya kufanya nini?"

Hakuwa ananicheka. Alikuwa ameshageukia daftari, anamwita anayefuata kwa jina, na nyuma ya jina hilo, kwenye kioo cha mashini, nikaona swali letu na jibu lake: nani anajua kwenye uko? Mama wa maandazi, Kasulo. Ile ya kuchoma ikatoka kifuani, na badala yake ikaja furaha kubwa mpaka nikatamani kumshika mtu mkono. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu, amechoka, ananisubiri.

"Tata Kabeya," Mama Kapinga akasema, "toka pale. Ile kiti ni ya mugonjwa."

Nikasimama, nikampisha.